Mjane wa Mtu wa Nne

Baba yangu mdogo alikuwa shujaa wa jeshi la wanamaji, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba mwanamke aliyempenda amefariki. Hakuwa amefariki. Alikuwa Tanga, nyumbani kwake, mzima wa afya, anasubiri simu niliyoahidi kumpigia.

Naanza na hilo kwa sababu nimejaribu mara kadhaa kuanzia mwanzo, na kila mara nimejikuta najitetea kabla sijafika kwenye kosa.

Baba Mdogo alizaliwa kwenye mteremko wa Meru, juu ya Tengeru, katika kihamba cha kahawa na migomba ambacho babu alikirithi kwa baba yake. Kwetu hakuna mtu aliyekuwa na habari na bahari. Alipojiunga na jeshi alidhani atapelekwa mpakani. Wakampeleka kwa wanamaji, wakamfundisha ufundi wa injini. Akiwa bado kijana, meli yao ya doria ilishika moto mbali na nchi kavu. Kwenye chumba cha injini walikuwamo watu wanne. Yeye alikuwa juu, zamu yake imekwisha. Akashuka. Akamtoa wa kwanza, akarudi akamtoa wa pili, akarudi akamtoa wa tatu. Aliporudi mara ya nne ngazi ilikuwa imekatika, na wenzake wakamkamata kwa nguvu asijitupe mle ndani. Mikono yake iliungua hadi kwenye viwiko. Picha yake ilitoka gazetini, akavishwa nishani, na miaka mingi baadaye alipostaafu na kurudi mlimani watu wakamwita Nahodha, ingawa hakuwahi kushika usukani wa chombo chochote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, naishi Lemara. Kila kidato cha kwanza kilichopita mikononi mwangu kilisikia habari za Baba Mdogo. Nilikuwa nazisimulia vizuri. Mwanzoni nilisema ukweli, watatu wakatoka na mmoja akabaki. Lakini niliona jinsi darasa linavyopoa nikifika kwa yule aliyebaki. Wanafunzi wanauliza, alikuwa nani, alikuwa na watoto, kwa nini hakuanza na yeye. Mwaka mmoja, sijui hata kwa nini siku ile, nikasema alishuka mara nne na kuwatoa wote wanne. Darasa zima likapiga makofi. Tangu hapo sikurudi tena kwenye watatu.

Aliposikia, na lazima angesikia kwa sababu mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa wa kijijini kwetu, aliniita sebuleni kwake. Hakunigombeza.

"Mwalimu," akaniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, "mmoja alibaki."

"Najua, Baba Mdogo. Ni kwa ajili ya watoto tu, waelewe haraka."

"Wanaelewa nini sasa?"

Nikaaga, nikarudi mjini.

Mke wake, mama yangu mdogo, alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Alikuwa mwanamke mpole, mwimbaji wa kwaya ya kanisani, na ndiye aliyemfungia Baba Mdogo vifungo vya shati kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa yao, maana vidole vya mkono wake wa kushoto vilishikana baada ya kuungua. Miezi michache baada ya mazishi nilipanda kumsalimia, nikamkuta amevaa fulana ya kuvuta kichwani. Watoto wake walikuwa wameshaondoka. Mkubwa, dada yangu ambaye ni muuguzi, alikuwa amerudi kazini kwake Moshi. Nilimpikia loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa mgando, na alipomaliza kula akasema ana jambo.

"Kuna mtu nataka unitafutie. Yuko Tanga. Au alikuwako."

Ndipo akanieleza. Yule mtu wa nne, aliyebaki kwenye moto, alikuwa rafiki yake, fundi mwenzake, na alikuwa na mke. Baba Mdogo aliomba ruhusa ya kutoka hospitali siku moja, aende mwenyewe kumweleza mjane kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Alifika na mikono imefungwa bendeji zote mbili. Yule mama, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, alimkaribisha chai, kisha akagundua kwamba mgeni hawezi kushika kikombe. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akamnywesha. Hakuwa bado ameambiwa lolote.

"Nilimaliza kikombe kizima sijasema neno," Baba Mdogo aliniambia. "Aliponipangusa mdomo ndiyo nikalia. Akajua."

Alirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ikapita miaka miwili. Akataka kumwoa, naye akakubali. Baba Mdogo akaja mlimani kumweleza baba yake, yaani babu yangu, mzee wa kanisa. Babu akasema mwanawe hataoa Mwislamu, tena mjane. Baba Mdogo alikuwa tayari kugombana na babu. Lakini huko kambini nako maneno yalikuwa yameanza, kwamba alimwacha rafiki yake aungue makusudi ili amchukue mke. Yule mama akayasikia. Alikuwa na mtoto mdogo wa marehemu. Akamwambia, nenda, sitaki mwanangu akue akiambiwa hivyo. Baba Mdogo akaondoka kwa hasira bila kuaga. Yule mama alimwandikia barua tatu, naye hakujibu hata moja.

"Nilijiona nimeonewa," akasema. "Nikaja nikaoa hapa, na mama yenu nilimpenda, usije ukadhani vingine. Lakini zile barua sikuzijibu. Nataka nimjibu kabla sijafa."

Akanipa namba ya mstaafu mwenzake aliyekuwa bado anaishi Tanga. Wiki moja tu ilitosha. Yule mzee aliuliza mtaani kwake, akanitumia namba ya yule mama kwa ujumbe mfupi.

Nilipiga wakati wa mapumziko ya chai, nimesimama nyuma ya ofisi ya walimu, karibu na tangi la maji. Akapokea mwenyewe. Nikamwamkia, nikamtaja Baba Mdogo kwa jina, nikasema mimi ni mtoto wa kaka yake. Nikatazama simu kuona kama imekatika.

"Mikono yake ilipona?" akauliza.

"Ilipona, mama. Vidole vya kushoto tu ndivyo havikunyooka."

"Alhamdulillahi." Kisha akasema, "Ni yeye kakutuma?"

"Ni yeye. Anataka kuongea nawe. Mimi niko mjini, yeye yuko mlimani, simu yake mbovu. Jumamosi nitakuwa naye, nitakupigia."

"Mwambie Jumamosi sitoki," akasema. "Nitakaa na simu."

Nilirudi darasani nimefurahi kwelikweli. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba sikuwa na nia mbaya tangu mwanzo. Nia mbaya ilikuja Jumamosi yenyewe, njiani.

Kijiji chetu kilikuwa kimejenga ukumbi wa shule ya msingi, na kamati iliamua upewe jina la Baba Mdogo. Mimi nilikuwa kwenye kamati hiyo, na mimi ndiye niliyeandika maneno ya kibao cha ukutani. Nilikuwa nimeandika kwamba alishuka katika moto mara nne akawaokoa wenzake wote. Jumamosi ile nilipopita na bodaboda mbele ya shule, fundi alikuwa juu ya ngazi anakipima kibao ukutani. Mwenyekiti wa kamati akaniona, akanisimamisha, akanishika mkono. "Mwalimu, umetuandikia maneno mazito. Mgeni rasmi amekubali kuja, na watu wa redio wanakuja."

Bodaboda ikaendelea kupanda, na mimi nyuma nikaanza kufikiri. Huyu mama akipatikana, Baba Mdogo atamwalika. Atakuja. Atakaa mbele, na watu watauliza ni nani, naye atasema ni mjane wa mtu aliyebaki melini. Na kibao kinasema hakubaki mtu. Halafu yatafufuka yale maneno ya kambini, na shujaa wetu ataitwa mtu aliyeiba mke. Nilijiambia namlinda Baba Mdogo. Lakini sura niliyoiona akilini haikuwa yake. Niliwaona walimu wenzangu wakinong'ona ofisini, wakinitazama mimi.

Nilimkuta amekaa barazani. Alikuwa amenyoa ndevu, na amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote. Sijui alitumia muda gani kuvifunga. Akatazama mkoba wangu, anapojua naweka simu.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Umempata?"

"Baba Mdogo," nikasema, "alishafariki."

Nilitarajia kwamba nikishasema hivyo litakuwa limekwisha. Halikuisha, kwa sababu aliuliza.

"Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Aliugua nini?"

"Kisukari."

"Nani kakwambia?"

"Yule mzee rafiki yako. Aliulizia mtaani."

"Mtoto wake?"

"Alihama. Hajulikani alipo."

Kila alipouliza nilikuwa na jibu tayari. Jambo hilo bado linanishangaza, jinsi nilivyokuwa na majibu. Baba Mdogo alivua kofia, akaiweka gotini. Akasema, "Basi." Baada ya muda akaniomba nimletee maji, na nilipotoka ndani na glasi nikamkuta ameinuka, amekwenda kusimama kwenye migomba, amenipa mgongo. Niliweka glasi kwenye kiti, nikashuka mjini bila kuaga.

Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji wamkumbuke katika sala rafiki yake wa Tanga aliyetangulia. Mchungaji akasali kwa ajili ya pumziko la mtu aliyekuwa hai. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, na watu waliposema amina, nami nikasema.

Yule mama alipiga Jumapili hiyohiyo jioni. Nikamwambia Baba Mdogo anaumwa koo, sauti imepotea, ataongea akipata nafuu. Akaniambia nimpe asali na ndimu. Akawa anapiga kila Ijumaa mchana. Mara ya pili nikamwambia amelazwa. Mara ya tatu nikasema amekatazwa na daktari kuchokachoka. Baada ya hapo nikaacha kupokea. Kwenye simu nilikuwa nimemwandika "Fundi Tangi", na siku moja mume wangu akaniuliza, "Huyu fundi wa tangi mbona hachoki? Unadaiwa?" Nikacheka naye.

Siku ya kufungua ukumbi, Baba Mdogo alivaa suti aliyoivaa mtoto wake wa kiume alipooa, maana suti yake mwenyewe ilikuwa imembana, na nishani kifuani. Mgeni rasmi akavuta kitambaa, kibao kikaonekana. Baba Mdogo alikuwa hajaonyeshwa maneno yake. Akasogea karibu, akayasoma polepole huku midomo inatembea, na alipomaliza akageuka akanitafuta kwenye viti hadi akanipata. Akapewa kipaza sauti.

"Nashukuru," akasema. "Walikuwa wanne. Niliwatoa watatu."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni unyenyekevu. Akasubiri wanyamaze.

"Wa nne alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na mke, na yule mke alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Nilitaka awepo hapa leo. Nimeambiwa naye ametangulia. Basi, ninyi kaeni salama."

Akarudisha kipaza sauti. Mshereheshaji akaita kwaya haraka. Mimi nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Simu ilikuwa mle, na ilikuwa Ijumaa, na ilikuwa imeshaita mara mbili.

Nilijaribu kumwambia ukweli mara moja. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nimepanda kumsaidia, na tulikuwa wawili tu kwenye mistari ya mibuni. Nilikuwa nimeamua kabisa. Nikasema, "Baba Mdogo, kuhusu yule mama wa Tanga." Akaendelea kuchuma.

"Nakushukuru kwa lile, Mwalimu," akasema. "Ulinipa habari mbaya lakini ulinipa. Ningekuwa nimekaa tu nasubiri. Sasa najua."

Nikamimina punje zangu kwenye debe lake, nikarudi kuchuma. Baadaye nilijiambia kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimwogopa.

Alifariki kipindi cha baridi, kwa homa ya mapafu, kwa siku sita tu. Tulimzika kihambani, pembeni ya Mama Mdogo, na askari walikuja wakapiga risasi za heshima hadi ng'ombe wakakata kamba. Siku mbili baada ya mazishi simu iliita nikiwa naosha vyombo. Nikapokea.

"Mwanangu," akasema yule mama, "ulisema utanipigia Jumamosi."

Hiyo Jumamosi ilikuwa ya mwaka mzima uliopita. Nikamwambia Baba Mdogo amefariki.

"Amezikwa?"

"Juzi."

"Nakuja."

"Mama, safari ni ndefu, na wewe ni mtu mzima—"

"Sikukuuliza urefu," akasema. "Nipokee stendi."

Nilimpokea siku ya pili yake, alasiri. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, amevaa baibui jeusi, amebeba mfuko wa machungwa. Aliponipa mkono aliushika wangu kwa yote yake miwili. Kwenye gari la mume wangu, tulipokuwa tumeshapita Tengeru na kuanza kupanda, akauliza, "Muda wote huo alikuwa anaumwa?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Hata pale, bado.

Mpango wangu ulikuwa kumtambulisha kwa dada yangu wa Moshi, aliyekuwa amebaki nyumbani kupokea wageni wa msiba, kama mjane wa askari mwenzake baba. Lingekuwa kweli, na lingetosha. Lakini tulipoingia sebuleni dada alimtazama mara moja tu, akaweka chini beseni alilokuwa ameshika.

"Umetoka Tanga?" akamuuliza.

"Tanga, mwanangu. Mume wangu alikuwa fundi pamoja na baba yako."

"Wewe ni mke wa fundi. Wa kwenye meli." Dada akashika mdomo. "Lakini baba aliambiwa umefariki. Alikulilia hapa. Tulikuombea kanisani!"

Yule mama alikuwa bado hajakaa. Akautua mfuko wa machungwa mezani taratibu.

"Nani alimwambia?"

Dada akanigeukia. Nilisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, nikasema, "Ni mimi."

"Ulikosea mtu?" dada akauliza. Alikuwa ananipa njia. Angeweza kuniamini nikisema ndiyo.

Yule mama ndiye aliyejibu. "Hakukosea. Niliongea naye. Nilimuuliza mikono yake."

"Kwa nini?" dada akasema. "Wewe, kwa nini?"

Nilitafuta neno la kusema, la heshima ya ukoo, la jina la baba yake, na lililotoka likawa, "Kibao."

"Kibao gani?"

"Cha ukumbini. Kilikuwa kinasema wote."

Nikalisikia likitoka, na nikasikia jinsi lilivyo dogo. Dada akakaa kitini kama aliyesukumwa.

"Mama yetu ndiye aliyemtuma baba amtafute," akasema. Hakuwa anapaza sauti. "Mama alijua kila kitu tangu wanachumbiana, baba alimwambia. Alipokuwa kitandani anaumwa alituita sisi watoto wote, akasema, mimi nikiondoka baba yenu amtafute yule mama wa Tanga, wasameheane, na akitaka kuja kuishi hapa msimzuie. Sisi wote tulikubali. Tulikuwa tunasubiri baba atuambie. Kisha akatuambia umemletea habari kwamba amekufa."

Baba Mdogo hakuwa amenieleza hilo. Nadhani aliona haya kumwambia mwalimu kwamba mkewe ndiye aliyempa ruhusa. Au labda angenieleza Jumamosi ile, kama ningemwachia nafasi.

Yule mama akakaa. Akauliza, "Kanisani mliniombea nini?"

"Pumziko la milele, mama," dada akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Jumapili natengeneza vitumbua," yule mama akasema. "Mimi nilikuwa sina cha kumdai. Nilitaka ajue sikumkasirikia alivyoondoka, maana mimi ndiye niliyemfukuza. Barua niliandika tatu, sijui kama zilifika. Hilo tu. Dakika mbili za simu."

"Zilifika," nikasema. "Alizisoma zote. Alitaka kukujibu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Hayakuwa macho ya hasira. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sura, ili akiikuta tena asiikosee.

"Nipeleke kaburini, mwanangu," akasema, na alikuwa anamwambia dada.

Wakatoka wawili, dada amemshika mkono kwenye ngazi za baraza. Nilifanya kama nawafuata, na dada akageuka akanitikisia kichwa. Nikarudi jikoni. Nikaosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Kupitia dirishani niliwaona wamesimama kati ya makaburi mawili, yule mama amenyanyua viganja vyake mbele ya uso anaomba dua, na dada pembeni yake ameinamisha kichwa. Walikaa pale hadi ukungu ukashuka kwenye migomba. Nilipoona wanageuka kurudi nilichukua mkoba wangu, nikatokea mlango wa nyuma.

Alikaa mlimani siku tatu. Dada alimtembeza kwa majirani, akamtambulisha kama alivyo, mjane wa fundi aliyebaki melini, mtu ambaye baba alitaka kumwoa. Kwa jinsi nilivyosikia baadaye, hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja mzee wa kwaya alimletea maziwa na kumwambia kwamba Mama Mdogo alishawahi kumsimulia. Yale yote niliyoyaogopa kwenye bodaboda, hakuna hata moja lililotokea. Siku ya nne dada alimteremsha stendi mwenyewe, hakunipigia.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, nikamweleza kwamba maneno ya kibao ni ya uongo na uongo ni wangu. Akanisikiliza, akasema maneno yakishawekwa na mgeni rasmi hayaondolewi ovyo, italetwa kwenye kikao. Kikao hakijakaa. Darasani nimeacha kabisa kusimulia. Wanafunzi waliosikia kwa kaka zao huniuliza, nami nawaambia waliotolewa walikuwa watatu, na wakiuliza mbona wengine waliambiwa wanne nawaambia niliwadanganya. Wanacheka kidogo, wanadhani ni namna ya kufundisha.

Dada anapokea simu zangu. Tunaongea habari za kahawa, ada za watoto, nani ameolewa. Krismasi iliyopita hakuonekana mlimani, na hakuna aliyeniambia yuko wapi. Nikaja kuona picha kwenye simu ya mdogo wake. Dada amekaa sebuleni kwa yule mama, Tanga, juu ya mkeka, na yule mama amekaa nyuma yake anamsuka nywele. Wote wawili wanacheka na mtu ambaye hayumo pichani.

Nilihangaika na picha ile siku kadhaa. Mwishowe nilimwandikia yule mama. Nilikuwa nimefuta na kuandika upya mara nyingi, mimi ninayewasahihisha wengine insha zao, na nilichotuma kilikuwa mistari miwili. Nilisema nilimnyang'anya yeye na Baba Mdogo zile dakika mbili za simu, na kwamba siombi anijibu.

Alijibu baada ya saa mbili, nikiwa jikoni napika wali.

"Nimeipata," aliandika.

Nilibaki nimesimama na simu mkononi, nasubiri kama kuna jingine linakuja. Mume wangu alipoingia kuuliza mbona kunanuka moshi, wali ulikuwa umeungulia sufuriani.